Haya Maneno Aliambiwa Nani?

Nina kibanda cha kuchapa kadi hapa Eldoret, hatua chache kutoka Uganda Road, kati ya duka la simu na mama anayeuza chai na mandazi. Kazi yangu ni harusi na mazishi. Wiki hii ni mwaliko wenye maua, wiki ijayo ni programu yenye picha ya marehemu akitabasamu. Na karibu kila mteja, akishamaliza kunisomea majina ya kamati, huniambia kitu kimoja: "Sasa hapo chini weka maneno mazito kidogo."

Kwa miaka mingi maneno mazito niliyatoa kwenye simu. Unatafuta, unapata mstari, unaubandika, halafu unaweka jina la mwandishi kwa herufi za mlazo. Wateja hupenda sana jina likiwa la mwanamke, hasa kama anayeolewa au anayezikwa ni mwanamke. Siku moja nikaweka jina la Grace Ogot chini ya maneno fulani kuhusu mama na subira, kwenye programu ya mazishi ya bibi mmoja. Baada ya wiki akaja mzee mwenye miwani, akaiweka ile programu mezani, akaniuliza kwa upole, "Haya yako kwenye kitabu chake kipi?"

Sikuwa na jibu. Nilitafuta siku mbili. Sikuyaona popote ila kwenye picha za mtandaoni zenye jua linalozama. Kusema ukweli, nilikuwa nimemzika bibi wa watu na maneno yasiyo na mwenyewe.

Hiyo aibu ilikuwa bado inaniwasha wakati walipokuja mama mmoja na binti yake kuagiza kadi za harusi. Mama alikuwa mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, wale wa kukusahihisha ngeli ukiwa bado unaongea. Alikuwa ameshaamua.

"Nataka beti mbili za Mwana Kupona," akasema. "Zile za kumtunza mume."

Binti akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyefurahi. "Mama, hapana. Siwezi kuingia kwa ndoa na kadi inayoniambia nimpepee mtu akilala."

"Hujausoma wote."

"Nilisoma ule ulionifundisha wewe."

Pale kibandani kukawa kimya, hata mama wa chai akageuka. Mwalimu akavua miwani, akanitazama. "Wewe ndiye mtu wa maneno. Tutarudi Alhamisi. Utuambie hapo chini panakaa nini."

Walipoondoka nilijua siwezi tena kurudi kwenye picha za jua linalozama. Nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata, na swali moja ambalo sasa namuuliza kila mtu anayeniletea maneno ya hekima.

*

Tuanze na huyo Mwana Kupona, kwa sababu yeye ndiye aliyegombanisha watu mbele ya printa yangu.

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa kisiwa cha Pate, katika funguvisiwa la Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na mtawala wa Siyu, Mohamed Is-haq, ambaye watu walimjua zaidi kwa jina la Bwana Mataka. Siyu iko kisiwa hicho hicho cha Pate. Ulikuwa mji wa wanachuoni na wa mafundi walionakili Kurani kwa mkono, na nakala zao bado zinachunguzwa na wataalamu hadi leo. Pia ulikuwa mji mkaidi. Bwana Mataka alikataa kumwinamia Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, na majeshi ya Sultani yalipokwenda kumtia adabu mnamo miaka ya 1840 yalipigwa vibaya. Ngome ya mawe iko Siyu mpaka sasa. Fort Jesus ya Mombasa walijenga Wareno. Hii ya Siyu huhesabiwa kuwa kazi ya wenyeji wenyewe.

Mwaka 1856 Bwana Mataka akafa. Mwaka huo huo Seyyid Said naye akafa, lakini ugomvi haukuzikwa nao. Zanzibar ilikuwa bado inautaka mji, na haikupita miaka mingi kabla ya kuupata.

Sasa ingia kwenye hiyo nyumba mwaka 1858. Kuna mjane. Amekuwa mgonjwa mwaka mzima, na ugonjwa wenyewe hauonyeshi dalili ya kuondoka. Ana watoto wawili, na mmoja wao ni binti, Mwana Hashima, mwenye umri wa kama miaka 17. Baba hayupo. Mama anaona wazi kwamba naye hatakuwepo. Jina la ukoo, ambalo jana lilikuwa ngao, kesho linaweza kuwa sababu ya kutafutwa.

Huyo ndiye anayezungumza katika ule utenzi. Na jambo la kwanza analomwambia binti yake halihusu mume hata kidogo. Anamwita asogee, aketi, aje na wino na karatasi. Hapo nilisimama. Hii ni karne ya 19, na watu wengi hudhani wanawake wote wa wakati huo walikuwa wakisikiliza tu. Lakini humwambii mtu asiyejua kalamu aje na wino. Nyumba hiyo ilikuwa na mama anayetunga na binti anayesoma na kuandika, kwa hati ya Kiarabu, katika mji ambao kalamu ilikuwa kazi ya heshima.

Halafu anamwambia nini? Utenzi una beti 102. Kwanza dini. Kisha adabu ya ulimi, kusema kweli, kuwa na uso mwema, kujiepusha na watu wasio na akili na wanaopeleka maneno. Kisha ndiyo linakuja lile la mume, na ni refu, na halipaki rangi: mke ana watu wa kuwaridhi, na mume ni mmoja wao. Amtunze, amsubiri, amuage kabla ya kutoka. Kupepea kumo, binti wa Mwalimu hakukosea. Baada ya hapo anaeleza jinsi yeye mwenyewe alivyoishi na Bwana Mataka kwa amani mpaka kifo. Na baada ya hapo huja dua, sehemu ndefu ambayo watu wengi hawaifikii: anajiombea nafuu, anawaombea watoto wake, anawaombea ndugu zake. Mwishoni anataja tarehe, mwaka 1275 wa Hijra, idadi ya beti, na anajieleza kama mgeni mwenye huzuni. Alifariki miaka michache baadaye.

Mimi nausoma hivi. Mama huyu hana jeshi la kumwachia binti. Hawezi kumwachia mji, kwa sababu mji wenyewe uko mashakani. Kitu pekee anachoweza kumpa ni namna ya kuishi katika nyumba ya mtu mwingine bila kuvunjwa. Ushauri wa kumtuliza mume, ukiusikia ukiwa umekaa Kapsoya na mshahara wako, ni wa kukasirisha. Ukiusikia ukiwa yatima wa mtawala aliyepigana na Sultani, ni maagizo ya kubaki hai.

Na binti alibaki hai. Mwana Hashima aliishi mpaka 1933. Alizaliwa wakati babake akipigana na Zanzibar, akafa wakati Waingereza wanatawala Kenya nzima. Ukihesabu, alibeba maneno ya mama yake kwa miaka 75.

*

Basi ilikuwaje karatasi ya mtoto mmoja ikawa sheria ya wake wote?

Sehemu ya jibu ni kwamba Mwana Kupona mwenyewe aliwaalika wanawake wengine wausome. Nisimsafishe kupita kiasi, alitaka wasomaji. Wanawake wa Lamu na Pate waliunakili na kuuhifadhi kwa kichwa, na ndiyo maana tunao. Lakini walioufikisha kwenye vitabu walikuwa wengine. Alice Werner, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa lugha za Kiafrika, aliuchapisha mwaka 1917. Mwaka 1934, mwaka mmoja baada ya Mwana Hashima kufa, Werner na William Hichens wakautoa kama kitabu pamoja na tafsiri, na kichwa walichokipa kwa Kiingereza kilihusu wajibu wa mke. Chukua hilo polepole. Dua ndefu, tarehe, ugonjwa, wino, huzuni, vyote vikaingia chini ya paa la maneno mawili. Mimi ni mtu wa kadi, najua kichwa kinavyofanya kazi. Mtu akishasoma kilichoandikwa kwa herufi kubwa, zile ndogo anazipita.

Kutoka hapo ukaenda madarasani, na darasani ukakatwa tena, kwa sababu mtihani una nafasi ya beti chache tu. Zikachaguliwa zipi? Si unajua.

Kuna waliojaribu kuurudisha mzima. Mwaka 1991 mtafiti Ann Biersteker aliandika kwamba tunaweza kuusikia kwa masikio mengine kabisa: mke anayeambiwa amlee mume kama mtoto mchanga, huyo mume ni mkubwa kweli au ni mtoto? Nani mwenye nguvu katika chumba ambacho mmoja amelala na mwingine ndiye anayejua kila kitu? Sijui kama Mwana Kupona alikuwa anacheka kichinichini alipotunga. Lakini swali hilo halimjii mtu aliyesoma beti mbili chini ya kadi.

Ila kuna jambo ambalo usomaji mzuri hauliondoi. Katika ule ule wosia, mama anamwambia binti asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Yaani nyumba ilikuwa na watumwa. Maji ya kuoga yaliyotajwa kwa upole hivyo, kuna mtu aliyeyachota. Hekima ile ilikuwa ya mama kwa binti, na ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa na mlango, na mlangoni walisimama wanawake wengine ambao hakuna aliyewaambia waje na wino na karatasi.

*

Hapo ndipo nilipomkumbuka Atieno.

Kama umepita shule ya upili Kenya, kuna uwezekano mkubwa unamjua. Yuko katika shairi la Kiingereza la Marjorie Oludhe Macgoye, A Freedom Song. Macgoye alizaliwa Southampton mwaka 1928, akaja Kenya 1954 kuuza vitabu vya misheni, akaolewa Mluo mwaka 1960, na akabaki hapa mpaka alipofariki mwaka 2015. Riwaya yake Coming to Birth ilitoka 1986, ikapata Tuzo ya Sinclair, na baadaye ikasomwa na vidato vizima vya Wakenya. Lakini ukiuliza watu wa rika langu, wengi wanakumbuka Atieno kuliko riwaya.

Atieno ni mtoto wa miaka minane anayefanya kazi katika nyumba ya jamaa yake. Kwa sababu ni wa ukoo, halipwi. Anaosha vyombo, anaamka mapema, watoto wa nyumba wanasoma. Anakua, anapata mimba, anafia kwenye uzazi, na mazishi yake yanagharamiwa vizuri kuliko maisha yake. Jina la shairi linataja uhuru. Ni shairi lililoandikwa kuwauliza watu waliopata bendera: huyu wa jikoni, uhuru wake uko wapi?

Sisi tulifanya nini nalo? Tuliliimba. Kwetu shuleni tulilikariri kwa sauti ya huzuni, na mikono tukiitingisha kwa pamoja. Makofi yalikuwa makubwa. Nakumbuka nikirudi nyumbani siku ya kufunga shule, nikitupa begi sebuleni, na binamu yangu wa kijijini, aliyekuja "kusaidia" na hakurudishwa shule, akaja kuliokota. Nilimkaririia shairi zima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni nzuri," akaenda kuwasha jiko. Nilikuwa na miaka 16. Yeye alikuwa na 15.

Sikuona kitu. Nilijua kila neno, nilijua tamathali za usemi zote, na sikuona kitu. Maneno yale yalikuwa yameandikwa kwa ajili ya watu wa nyumba kama yetu. Sisi ndio tulioambiwa. Lakini kwa kuwa tuliyapata kama maneno mazuri ya kukariri, tulidhani yanawahusu watu wengine, mahali pengine.

Nimechapa kadi nyingi tangu hapo. Sijawahi kuombwa maneno ya Atieno. Hayakai vizuri chini ya maua.

*

Hilo lilinifanya nianze kushuku lile neno "hekima". Tunapenda kuwaita waandishi wa kike wa zamani wenye hekima, kama vile walikaa kibarazani wakimwaga methali. Ukisoma yaliyowapata walipoandika, wengi wao walionekana wasumbufu kwanza. Hekima ilikuja baadaye, walipokuwa wamezoeleka.

Mchukue huyo huyo Grace Ogot niliyemsingizia. Alizaliwa Asembo mwaka 1930, akasomea uuguzi Mengo kule Uganda na baadaye London, akafanya kazi ya utangazaji BBC. Mwaka 1962 alikuwa Makerere, kwenye ule mkutano maarufu wa waandishi wa Afrika, na huko alisoma hadithi yake. Lakini aliwahi kusimulia kwamba alipopeleka hadithi zake kwa shirika la kuchapisha vitabu la wakati wa ukoloni, waliokuwepo hawakuelewa. Mwanamke Mkristo, mbona anaandika juu ya kafara na waganga wa kienyeji? Kwa nini asiandike juu ya wokovu? Mwaka 1966 riwaya yake The Promised Land ikatoka kwa East African Publishing House, na ni miongoni mwa riwaya za kwanza za Kiingereza kuandikwa na mwanamke wa Afrika Mashariki. Ndani yake kuna mke anayeona kwamba mumewe anaipeleka familia mahali pabaya kwa ajili ya tamaa ya ardhi, anayesema, na asiyesikilizwa.

Mumewe, mwanahistoria Bethwell Ogot, ndiye aliyekuja kuwa Chansela wa Chuo Kikuu cha Moi, hapa hapa kwetu. Kwa hivyo maelfu ya vijana wa Eldoret walipewa digrii na mtu aliyeishi nyumba moja na Grace Ogot, na bado mimi nilichukua jina lake nikalibandika chini ya maneno ya machweo. Yeye ambaye aliambiwa aandike mambo matamu na akakataa, nilimwandikia mimi yale matamu.

Au Rebeka Njau, ambaye naye alikuwa Makerere 1962. Mwaka 1963, mwaka wa Uhuru, jarida la Transition la Kampala lilichapisha tamthilia yake The Scar. Mhusika mkuu ni mwanamke anayejaribu kuwatoa wasichana katika ukeketaji, na kijiji kinamgeuka. Wakati huo, kusema hivyo hadharani kulikuwa kujitafutia ubaya pande zote: wazee wangekuita kibaraka wa wazungu, na wamisheni wangekupongeza kwa sababu zisizo zako. Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011. Ni miaka 48 baadaye. Ukitoka Eldoret ukateremka upande wa Marakwet au ukapanda kwenda Pokot, utakuta watu ambao bado wanabishana na tamthilia hiyo bila kuwahi kuisikia.

Na sisi wa Sixty Four tunaye wetu. Philomena Chelagat Mutai hakuandika riwaya, lakini maneno yake yameandikwa neno kwa neno katika kumbukumbu rasmi za Bunge, na hiyo pia ni maktaba. Mwaka 1974, akiwa na miaka kama 24, alichaguliwa mbunge wa Eldoret Kaskazini. Alisema juu ya ardhi, juu ya ufisadi, juu ya wakubwa. Mwaka 1976 alifungwa kwa kesi ya kuchochea wananchi, iliyohusu shamba la katani la Ziwa, si mbali na hapa mjini. Alipotoka alirudi Bungeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akakimbilia Tanzania. Alifariki mwaka 2013, bila mali ya kuzungumziwa.

Mji wetu ulipewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Nilichapa mabango na fulana nyingi wiki ile, kazi ilikuwa tele. Maneno ya kila aina yaliletwa. Ya Chelagat hayakuletwa na mtu, na mimi pia sikuyapendekeza.

*

Kwa hiyo swali langu, lile ninalowauliza wateja sasa, ni hili: haya maneno aliambiwa nani?

Si swali la kujionyesha. Ukiuliza nani aliyesema, unapata jina, na jina unaweza kulibandika popote, kama nilivyofanya mimi. Lakini ukiuliza nani aliambiwa, inabidi uone watu wawili. Mgonjwa na binti yake mwenye wino. Mwandishi na mwenye nyumba asiyelipa. Mbunge wa miaka 24 na ukumbi uliojaa wazee. Na ukishawaona watu wawili, unajua wewe uko upande gani. Wakati mwingine wewe ni binti. Wakati mwingine wewe ndiye mwenye nyumba, na hiyo hekima uliyoipenda ni mashtaka yako.

Alhamisi walirudi. Nilikuwa nimepanga maneno kichwani, lakini Mwalimu mbele yako ni Mwalimu mbele yako, nikajikuta ninajibu kama mwanafunzi. Nikawaeleza Siyu, ngome, mwaka 1858, ugonjwa wa mwaka mzima, wino na karatasi, dua. Nikawaeleza pia kuhusu watumwa, kwa sababu nilijiambia sitaruka.

Binti alinyamaza muda. Halafu akauliza, "Kwa hivyo alikuwa anakufa?"

"Ndiyo."

Akamgeukia mama yake. "Hukutuambia hivyo darasani."

"Mtihani haukuuliza," Mwalimu akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekuwa akijisikia mwenyewe. Kisha akaongeza, "Na mimi sikuuliza. Nilifundishwa beti zile zile, nikafundisha beti zile zile."

Kadi ilitoka na majina mawili, tarehe, kanisa, na mahali pa chakula. Hapo chini hatukuweka kitu. Binti alisema nafasi nyeupe inampendeza, na Mwalimu hakubisha. Kadi 300, karatasi nzito, rangi ya krimu. Hazikuwa na maneno mazito hata moja, na hakuna mgeni aliyelalamika.

Siku tatu kabla ya harusi Mwalimu alikuja peke yake. Alikuwa na karatasi za mistari zilizoandikwa kwa mkono pande zote mbili, mwandiko ule wa ubaoni, ulionyooka. Alitaka nizishone na kuziwekea jalada gumu.

"Usizisome, mwanangu," akaniambia.

"Sitasoma, Mwalimu."

Sikusoma. Lakini ukishona karatasi lazima uangalie mpangilio wa kurasa, kwa hiyo niliona mambo mawili tu. Juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na jina la binti yake, peke yake kwenye mstari. Na chini ya ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika jina lake mwenyewe, mahali, na tarehe.